Theluji Juu ya Bati

Inspekta Msabah alikuwa hajaona theluji tangu azaliwe. Kwa mtu wa Unguja hilo si aibu, lakini wiki ile liligeuka kuwa upungufu wa kazi. Faili lililokuwa juu ya meza yake lilisema kwamba mtu wa Jambiani ameuliwa na theluji, na mpelelezi asiyemjua muuaji hata kwa sura atamtafuta vipi? Kwa hiyo Jumatatu asubuhi hakwenda ofisini. Alikwenda kwenye kiwanda cha barafu kilichokuwa karibu na bandari, akamwomba fundi Abdulla ampatie theluji.

Fundi Abdulla alimtazama toka juu mpaka chini. Alikuwa mtu mnene mwenye maneno yake, na ndiye mtu pekee mjini aliyevaa fulana mbili za sufi mchana kweupe. Alisema pale hutengenezwa barafu ya vipande, ya samaki na ya hoteli, na kama Serikali ilikuwa na hamu ya sharbati ingesema tu bila ya kuzunguka. Msabah alicheka, akamweleza kwamba anataka ile laini, ya unga unga, inayoganda juu ya mabomba ya baridi. Abdulla akajibu kwamba ile ni takataka. Yeye huikwangua kila siku na kuimwaga.

"Leo usiimwage, yakhe," alisema Msabah. "Nna kazi nayo."

Wakati fundi akikwangua, Msabah alikaa juu ya kreti akalisoma faili mara nyingine, ingawa alikuwa ameshalijua kwa moyo. Mcha Duni na Nahodha Jecha walikuwa wavuvi wa Jambiani, marafiki wa kufa na kuzikana. Mwaka uliopita, 1954, walivuka kwenda bara, wakakata mkonge Tanga, wakaishia Moshi. Huko Mzungu mmoja mpimaji aliwaajiri wamchukulie vyombo vyake mpaka kwenye theluji ya Kilimanjaro. Mwezi wa Mei mwaka huu, masika yakiwa yanamalizikia, walitumwa wawili peke yao kufuata sanduku lililoachwa kambi ya juu. Aliyerudi ni Nahodha tu.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Walikuwa wakishuka alfajiri, kabla ya jua, yeye mbele na Mcha nyuma, wamefungana viunoni kwa kamba ya makumbi ya nazi aliyoisokota mke wa Mcha. Theluji ikaporomoka. Kamba ikakatika. Mcha akafukiwa. Siku mbili baadaye kiongozi wa Kichaga alipanda kutafuta, akaokota kamba ukingoni mwa poromoko, mwili asiuone. Usiku ule theluji mpya ikaanguka na utafutaji ukafungwa.

Habari ilipofika Jambiani, Mwanamkasi, mke wa Mcha, alikalishwa eda. Sasa zilibaki siku tisa atoke. Lakini Kadhi, mtu wa hadhari, alikataa kutia muhuri hati ya kifo kisicho na maiti wala shahidi wa pili, akawaandikia polisi wachunguze. Na wakati polisi wanajikuna kichwa, ikasikika kwamba Nahodha, kupitia shangazi yake, ameshapenyeza neno kwamba Mwanamkasi akitoka eda yeye yuko tayari kumuoa.

Mkuu wa Msabah, Mzungu asiyependa mafaili yakae, aliposikia hilo alipiga meza kwa furaha. Alisema mambo yamejieleza: mtu alimtaka mke, akamsukuma mume. Akataka Nahodha awe ndani ifikapo Jumamosi.

Kumbishia mkuu huyo ilikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Msabah alikwenda kiwandani.

Fundi Abdulla alitoka na ndoo mbili zilizojaa unga mweupe. Msabah alichukua bati la paa, akaliegemeza juu ya pipa ili liwe na mteremko, kwenye kivuli cha ukuta. Akamwaga ndoo ya kwanza, akaishindilia kwa mkono mpaka ikawa ngumu. Juu yake akanyunyiza ile ya pili, laini, bila ya kuigusa. Kisha wakasimama. Haikutikisika. Abdulla alitaka kujua kama Serikali hulipa watu mshahara kwa kazi hii.

"Sasa tulivute juani," alisema Msabah.

Wakalivuta. Dakika zikapita. Kwa juu hakuna kilichobadilika; unga ulikuwa mweupe na mkavu vile vile. Lakini chini ya bati matone yalianza kudondoka, moja, halafu mawili, halafu mfululizo. Abdulla akafungua kinywa aseme jambo, na papo hapo safu yote ya juu ikang'oka kwa pamoja, ikateleza, ikaanguka mchangani kwa kishindo kizito kilichowashangaza wote wawili.

"Haikumomonyoka kidogo kidogo," alisema Abdulla polepole. "Imejibwaga yote."

Walirudia mara tatu. Mara zote tatu ile theluji ilitulia kivulini na kuporomoka juani. Msabah akatoa ndani ya faili barua ya yule kiongozi wa Kichaga, iliyoandikwa kwa Kiswahili safi na mwandiko wa shule. Alikuwa ameisoma kama anavyosoma mtu bei za soko la mji asioujua, sasa aliielewa. Kiongozi aliandika kwamba baada ya mvua kubwa theluji mpya hukaa juu ya ile ya zamani bila ya kushikana nayo. Usiku baridi huifunga, na alfajiri mtu hupita juu yake kama anayekanyaga saruji. Jua likipanda, maji huingia kati ya safu mbili, na kutoka saa nne mteremko ule haukanyagwi. Hayo, aliandika, aliwaambia wale vijana wa pwani kwa kinywa chake.

Msabah akaifunga barua. Poromoko la alfajiri si muhali, lakini lingekuwa la ajabu, na yeye alikuwa na mazoea ya kuyashuku maajabu yanayotokea pale penye shahidi mmoja.

Nahodha aliitwa mchana ule. Alikuwa amefikia kwa jamaa zake mtaa wa Ng'ambo. Alikuja mwenyewe, mrefu, mwembamba, macho yamezama, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayetaka kusimama wakati wowote. Msabah hakumkaripia. Alimuuliza habari za nyumbani, akamuuliza juu ya viatu walivyovaa, juu ya chakula, juu ya uzito wa sanduku. Kisha, kama anayepitisha wakati, akamwomba aeleze tena namna theluji ilivyoanza.

"Sikuiona ikianza," alisema Nahodha. "Macho yalikuwa yananiuma kwa ule mng'ao. Nlikuwa nimeinama, natazama kivuli changu."

"Kilikuwa wapi kivuli?"

"Hapa miguuni."

"Alfajiri?"

Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, akaenda mpaka sauti ikapotea, na Nahodha bado alikuwa hajajibu. Msabah alimngojea. Katika kazi yake amejifunza kwamba mtu mwongo hukimbilia kusema, na mtu mwenye haya hukawia.

"Ilikuwa karibu na adhuhuri," alisema hatimaye. "Mcha aliamka mapema, akanambia twende, mwenyeji keshatwambia tuwahi. Mimi ndiye nliyekataa. Nlikuwa natetemeka, vidole havikunjiki. Nkamwambia tungoje jua, jua halijapata kumuua mtu wa pwani."

Msabah aliandika maneno yale kama yalivyo. Nani huko Jambiani asingesema vile? Watu waliokulia kwenye mchanga wa moto, ambao baridi yao kubwa ni upepo wa kipupwe, wakipandishwa mahali ambapo maji yanakuwa jiwe watamkimbilia nani kama si jua? Mtu hubeba akili ya kwao popote aendapo, na wakati mwengine humponza.

Akamuuliza juu ya ile posa. Nahodha alijibu bila ya kuinua kichwa kwamba Mcha ana mtoto wa miaka miwili, na yule mtoto anahitaji mtu wa kumvulia samaki. Alisema kama mtu asomaye hukumu yake mwenyewe. Haikuwa sauti ya mtu anayeoa.

"Na kamba?" aliuliza Msabah. "Ilikatika?"

"Ilikatika, Bwana Inspekta."

Safari hii alijibu haraka. Msabah alifunga daftari lake, akamwambia kwamba kesho watakwenda pamoja Jambiani.

Kamba ilikuwa imefungwa ndani ya karatasi ya kaki, kama ilivyotoka Moshi, pamoja na cheti kilichosema: "Kamba, moja." Askari wa Moshi hawajui makumbi, na Msabah, mtoto wa mjini, hakuwa bora kuliko wao. Alijua tu kwamba kule Jambiani wanawake huyafukia makumbi ufukweni miezi mingi, huyafukua, huyaponda, huyasokota, na kila mmoja huijua kazi ya mkono wake kama anavyoijua sauti ya mwanawe. Hakuna mtu aliyewahi kuchukua taabu ya kumwonyesha kamba ile mwanamke aliyeisokota.

Landrova ya polisi ilifika Jambiani saa tatu asubuhi. Nahodha alibakia kwenye baraza ya nje. Msabah alipiga hodi, akapokewa na Bi Mwanaasha, mama yake mdogo Mwanamkasi, bibi mfupi mwenye sauti ya kuamrisha.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha."

"Marahaba. Karibu, lakini mwisho wako hapo kwenye mkeka. Mwanangu yumo edani."

Msabah alijua. Mwanamke aliye edani hakai mbele ya mwanamme wa kando, na hakuna cheo cha polisi kinachobadilisha hilo. Pazia la kitambaa kizito lilikuwa limeshushwa mlangoni mwa chumba. Alikaa mkekani, akatoa salamu kwa pazia, na pazia likaitikia kwa sauti ndogo, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila ya kuongea. Alieleza kilichomleta. Bi Mwanaasha akaichukua kamba, akainua ncha ya pazia na kuingia nayo.

Halafu kikasikika kilio, kifupi, kilichokatwa njiani. Msabah aliinamisha macho. Kazi nyengine mtu huzifanya huku akiomba radhi moyoni.

"Ni yako?" aliuliza baadaye.

"Yangu," ilijibu sauti. "Nlimpa alipokuwa anasafiri. Nzima, pima kumi na mbili."

"Sasa imebaki ngapi?"

Akasikia Bi Mwanaasha akipima kwa kunyoosha mikono miwili na kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Hesabu ilikwenda, Msabah akitega sikio. Tisa. Kumi. Kumi na moja.

"Kumi na mbili," alisema Bi Mwanaasha, "na ncha kidogo inazidi."

"Na ncha zake?"

"Zote mbili ni zangu," alisema Mwanamkasi. "Mimi humalizia kwa uzi mwekundu, naufunga mara saba isifumuke. Uzi upo huku na upo huku."

Msabah aliandika. Kamba haikukatika. Basi ilifunguliwa. Kwa dakika nzima alimwona mkuu wake akipiga meza na kusema si nilikwambia? Rafiki amefungua fundo, rafiki amesukuma. Alikuwa ameshaanza kuinuka, amwite Nahodha, pale sauti ya nyuma ya pazia iliposema tena, na safari hii haikuwa ndogo.

"Nani aliyeikunja?"

Msabah alisema kwamba hajui. Imetoka Moshi, imesokomezwa tu ndani ya karatasi.

"Hapana. Kabla ya karatasi. Kamba ya makumbi ikikunjwa mbichi ikakauka, haisahau. Ukiitupa chini inajirudia vile vile ilivyokunjwa. Hii imekunjwa mviringo, mkubwa wa kiwiko, na imekunjwa kinyume."

"Kinyume vipi?"

Alijibu Bi Mwanaasha, kwa sababu mwenziwe alikuwa ameshindwa. Alieleza kwamba kamba husokotwa kwendea kulia, na kila mtu mwenye akili zake huikunja kulia. Mcha alikuwa wa mashoto. Alizikunja kamba zake kwendea kushoto, zikawa zinapigana na msokoto na kuviringika kama nyoka, na pwani nzima ilimcheka. Kila jioni mke wake alizikunjua na kuzikunja upya. Alimwambia mara mia aache, naye mara mia alisema ataacha.

"Nshaikunjua kamba yake miaka minne," alisema Mwanamkasi. "Huu ni mkunjo wa mume wangu, Bwana Inspekta. Aliikunja ikiwa imerowa."

Kamba ilikuwa kavu siku ile ilipotoka hapa Unguja. Kilichoirowesha ni theluji. Na maiti haikunji kamba.

Msabah alitoka nje na kukaa barazani karibu na Nahodha. Hakumuuliza kitu, alimwambia tu. Kamba ni nzima, pima kumi na mbili. Nahodha aliufunika uso kwa viganja na akayasema yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayetapika. Poromoko lilimchukua Mcha, likasimama. Yeye alibaki ukingoni, kamba imenyooka kuingia ndani ya theluji. Aliivuta, akamwita, akaivuta tena. Hakuna jibu. Halafu juu yao kikasikika kishindo kingine.

"Nlifungua fundo, nkakimbia," alisema. "Poromoko la pili lilipita pale pale nliposimama. Nlimwacha. Sikumsukuma, wallahi, lakini nlimwacha."

"Alikuwa hai," alisema Msabah.

Nahodha alimwangalia kama aliyepigwa kofi. Msabah alimweleza juu ya mkunjo, neno kwa neno, kisha akatoa ramani ya mlima na kuikunjua magotini. Alimtaka aonyeshe kwa kidole. Nahodha alionyesha: hapa walipita, hapa lilishuka la kwanza, hapa la pili. Kwa mtu aliyebaki juu, njia ya kurudia Moshi ilikuwa imezibwa yote.

"Na huku nyuma yake?"

"Huku kulikuwa kweupe. Mteremko mrefu, wa kwenda chini upande wa pili."

Upande wa pili ulikuwa kaskazini. Msabah alifuatisha kwa penseli, kutoka kwenye theluji mpaka mawe, kutoka mawe mpaka msitu, na penseli ikavuka mstari wa mpaka na kuingia Kenya. Aliiacha pale. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari mwaka wa tatu sasa, na askari wake walikuwa wakimtia kambini kila Mwafrika asiye na kipande. Mtu ametoka mlimani, miguu imeharibika kwa baridi, hana karatasi hata moja, anasema ametoka Unguja kwa njia ya juu ya Kilimanjaro. Nani angemsadiki? Msabah mwenyewe asingemsadiki.

Jioni ile simu mbili za upepo, za maandishi, ziliondoka Unguja. Moja ilikwenda kwa yule kiongozi wa Kichaga, na jibu lake lilirudi kesho yake: kamba aliikuta juu ya jiwe, imekunjwa vizuri, hakuna aliyemuuliza. Ya pili ilikwenda kwa polisi wa Kenya. Mkuu alizisoma nakala zote mbili, akasema kwamba hajawahi kuona kesi ikijengwa juu ya kamba ya nazi. Lakini alimwongezea Msabah siku, na Kadhi akaweka muhuri wake sandukuni.

Jibu la Kenya liliwasili Ijumaa. Msabah alilisoma akiwa amesimama, akalisoma tena, akaomba ufunguo wa Landrova. Baada ya sala alikuwa Jambiani. Nahodha alikuwa pale barazani. Majirani walisema hakuondoka tangu siku ile, wala hakuna aliyemfukuza wala aliyemkaribisha. Msabah alisimama mlangoni, mahali ambapo wa nje na wa ndani wangemsikia sawasawa, akasoma, akifasiri kutoka Kiingereza kadiri alivyoweza. Mtu huyo yumo kambini tangu mwisho wa Mei. Anajiita Mcha Duni, wa Jambiani. Amekatwa vidole vitatu vya mguu na sasa anatembea. Ataachiwa akija mtu wa kwao kumtambua.

Nyuma ya pazia Bi Mwanaasha alianza kumshukuru Mungu kwa sauti.

"Kuna mstari mmoja zaidi," alisema Msabah. "Anasema vidole viliungua kwa baridi kwa sababu alikaa mpaka magharibi akifukua theluji kwa mikono na kwa miguu, mahali alipokuwa mwenzake. Aliikuta ncha ya kamba tupu, akajua poromoko la pili limemchukua, akaikunja na kuiacha juu ya jiwe iwe alama. Anauliza kama maiti ya Nahodha imepatikana, na kama mama yake ameshaambiwa."

Nahodha aliteremka barazani polepole mpaka akakaa mchangani, akalia waziwazi, bila ya kujificha, mbele ya watu waliokuwa wakitoka msikitini.

Mwanamkasi alimwacha alie. Alimwacha muda mrefu. Kisha pazia likasogea, akatoka mwanamke kijana aliyejitanda kanga mpaka usoni, akasimama kizingitini ambako hakuwa amekanyaga tangu habari ile ilipofika.

"Mjibu kwamba Nahodha yu hai," alimwambia Msabah. "Na mjibu kwamba yeye ndiye anayekuja kumchukua."

Nahodha alifuta uso kwa mkono wenye mchanga, akasimama, akauliza meli ya Mombasa inaondoka siku gani.